"Amerudi Kwao": Nyumba ya Wazazi katika Kichekesho cha Televisheni na katika Sarufi ya Kiswahili



Mtazamaji anapotoa maoni juu ya kichekesho cha televisheni, aghalabu hudhani kwamba anawahukumu waigizaji, au mtunzi, au mzaha uliofaulu na ule uliokwama. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kabla ya yote hayo anahukumu kwa maneno aliyoyarithi. Mfano utakaochunguzwa ni kichekesho cha Kimarekani kinachomhusu mwanamke aliyerejea kuishi na wazazi wake. Swali ni hili: mtazamaji asemaye Kiswahili akikieleza kisa hicho, ni neno gani litakalomtangulia mdomoni, na neno hilo litakuwa limekwisha kuamua nini?

Kichekesho chenyewe ni How to Live with Your Parents. Kilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani mwezi Aprili 2013, na kikakomeshwa mwaka huohuo baada ya sehemu 13. Mtunzi wake, Claudia Lonow, alikichota katika maisha yake mwenyewe. Sarah Chalke aliigiza Polly, mama aliyeachana na mumewe akarudi, pamoja na binti yake mdogo, katika nyumba ya mama yake Elaine na baba yake wa kambo Max, walioigizwa na Elizabeth Perkins na Brad Garrett. Polly ni mtu wa tahadhari nyingi. Wazazi wake hawana haya wala siri. Jina kamili la kichekesho huongeza, ndani ya mabano, maneno yenye maana ya "kwa maisha yako yote yaliyosalia". Humo ndimo ulimolala mzaha: kurudi kunatazamiwa kuwa kwa muda, na mabano yanatishia kwamba hakutakwisha.

Ili tishio hilo lichekeshe, hapana budi mtazamaji awe anaamini kwamba mtu mzima hujulikana kwa kuihama nyumba ya wazazi. Imani hiyo ilikuwa na nguvu Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, lakini msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 uliitikisa. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban watu watatu katika kila kumi wa umri wa miaka 25 hadi 34 walikuwa wakiishi na wazazi wao, au walikuwa wamewarudia kwa muda katika miaka hiyo kwa sababu ya hali ya uchumi. Kati ya waliokuwa wakiishi hivyo, asilimia 78 walisema kuwa wameridhika na makazi yao. Kichekesho, basi, kiliwaendea watazamaji ambao baadhi yao walikuwa wakiyaishi yanayochekwa, tena bila ya kuyaonea uchungu mkubwa.

Maoni yanayoweza kutolewa juu ya kisa cha namna hii huelekea pande mbili. Upande mmoja husema kwamba wazazi wanavuka mipaka, kwani binti ni mtu mzima na mama wa mtoto. Upande wa pili husema kwamba binti ndiye mwenye kosa, kwani aliyepewa pa kulala hapangi taratibu za nyumba. Pande hizi hugombana, lakini zimekubaliana juu ya jambo moja bila ya kulitamka: nyumba ni ya wazazi, na Polly ni mpangaji asiyelipa kodi.

Sarufi ya Kiswahili haikubali makubaliano hayo kwa urahisi. Mtu mmoja anayetoka Tanga kwenda Pangani kuwasalimu wazazi wake husema "nakwenda kwetu", hata kama yu peke yake njiani. Nasi husema "Asha amekwenda kwao": kiima ni cha umoja, kimilikishi ni cha wingi. Neno "kwangu" lipo, lakini aghalabu hutumika kwa makazi ambayo mtu ameyaanzisha mwenyewe. Pale alipozaliwa na kulelewa huwa ni "kwetu", na wingi huo haufi kwa kuwa mtoto ameota mvi. Methali isemayo "Mkataa kwao mtumwa" imesimama juu ya sarufi hiyohiyo: mkataa ni mmoja, kwao ni kwa wengi. Kwa msingi huu Polly si mpangaji, wala si mgeni. Mgeni hupewa siku mbili, ya tatu akapewa jembe. Mtoto wa nyumba hupewa jembe siku ileile aliyofika, wala hashangai.

Hata hivyo, ingekuwa haraka kuhitimisha kwamba Kiswahili kinampokea Polly kwa mikono miwili. Zilinganishwe sentensi tatu: "amekwenda kwao", "amerudi kwao", "amerudishwa kwao". Akisemwa mke wa mtu, ya kwanza ni safari, ya pili ni ndoa iliyovunjika, na ya tatu ni ndoa iliyovunjika kwa lawama. Akisemwa mwanamume, "amerudi kwao" humaanisha tu kwamba yuko kijijini au mjini kwake. Kiambishi -me- nacho hakikosi kazi hapa, kwani huonyesha kitendo kilichotimia na hali inayoendelea kubaki. Kile ambacho Wamarekani walikiweka ndani ya mabano, Kiswahili kinakibeba kwa silabi moja.

Je, aibu hiyo ni ya lugha yenyewe? Historia ya pwani inajibu kwamba sivyo. Katika miji ya kale ya Lamu na Pate, familia za waungwana zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, au orofa iliyojengwa juu ya nyumba ya wazazi wake, na mume ndiye aliyehamia. Nyumba za jamaa ziliweza kuunganishwa kwa wikio, yaani kivuko kilichojengwa juu ya uchochoro, wanawake wakapita bila ya kushuka njiani. Katika mpango huo mtu mzima kuishi ubavuni mwa mama yake kulikuwa ni dalili ya heshima, na ndoa ilipovunjika, aliyefunga mizigo alikuwa mwanamume. Aibu ya "amerudi kwao" imetokana na desturi ya mke kuhamia kwa mume. Desturi ikibadilika, maneno yaleyale hubeba mzigo mwingine.

Mfasiri wa kichekesho hiki ana njia mbili. Akiandika "amerudi kuishi na wazazi wake", ataikwepa aibu, lakini ataiacha nyumba mikononi mwa wazazi peke yao, kama watazamaji wa pande zile mbili walivyofanya. Akiandika "amerudi kwao", atampa Polly haki na aibu kwa pamoja. Njia ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo yenye uaminifu zaidi, kwa sharti kwamba mfasiri azitazame nafsi. "Amerudi kwao" ni kauli ya jirani, nayo hukaribia kuwa hukumu. Polly mwenyewe akifungua mlango hawezi kuitumia. Atasema "nimerudi kwetu", na kauli hiyo ni dai la haki.

Mwanafunzi anayekusanya maoni ya watazamaji atafaidika akiandika, pamoja na maoni, nafsi iliyotumiwa kuyatolea. Wapo wanaomcheka aliyerudi kwao. Wakigeuza nafsi, wakajisemea wenyewe, kicheko hupungua, kwa sababu kila asemaye Kiswahili anayo kwetu yake, na hakuna anayejua siku atakayoihitaji.