Hotuba ya Mwenyekiti: Watoto Wetu na Habari za Ufisadi



Mambo ya hisa na mikopo atayasema mweka hazina. Sisi tumeonelea tuseme juu ya watoto, maana sehemu kubwa ya mikopo yetu imeishia kwenye sare na madaftari yao.

Watoto wanasikia. Unadhani anacheza, kumbe sikio liko redioni. Mwaka 2008 wengi wetu tulikuwa na watoto wa darasa la tatu, la nne. Februari ile Kamati ya Bunge ilisoma taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu akajiuzulu. Aprili akaondoka na waziri wa miundombinu. Aliulizwa juu ya fedha zilizopita dola milioni moja katika benki ya kisiwa cha Jersey, akaziita vijisenti. Kosa alilikana, lakini neno lilikwisha ingia mitaani. Watoto wakawa wanatania dukani, "Nipe pipi, vijisenti hivi hapa." Tulicheka jamani. Halafu mmoja akasema akikua atakuwa waziri. Kwa nini? "Si ndiko hela ziliko." Hapo hatukucheka.

Wengine waliuliza: aliyejiuzulu amefungwa? Kama hakufungwa, ameondoka kwa nini? Hilo ni swali la kujibiwa, si la kufukuzia mtoto akalale. Mwaka 1977 Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya watu walioteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Hakuwatesa yeye. Aliacha kiti kwa kuwa wizara ilikuwa yake, na mwaka 1985 akawa Rais. Mtoto akisimuliwa hilo anaona kuwa kuna kiongozi anayebeba mzigo wa ofisi yake.

Na lipo la rada. Serikali yetu iliinunua Uingereza kwa kampuni ya BAE, bei yake paundi milioni 28, ikapigiwa kelele huku na kule. Mwaka 2010 kampuni ile ilikiri mahakamani London kwamba haikuweka vizuri kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo, na ikakubali kutoa paundi milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Ndiyo ile chenji ya rada. Ilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Walimu mliopo hapa, ni watoto wangapi waliambiwa kitabu kile kimetoka wapi? Wizi wanausimuliwa kila siku, fedha zikirudi kimya.

Watoto wa kikundi hiki wamekua wakiona kisanduku cha kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Mmoja aliuliza kama Serikali nayo inazo. Tukamwambia inazo: Bunge, mahakama, na Mkaguzi Mkuu anayetoa ripoti kila mwaka. Akasema, "Mbona hatuzioni?"

Kwa hiyo mheshimiwa diwani, ombi letu ni dogo. Fedha za ruzuku zikifika shuleni, zibandikwe ubaoni kwa maandishi makubwa, zimeingia ngapi na zimenunua nini, pale chini ambapo mtoto wa darasa la tatu anafikia kusoma.

Mweka hazina, karibu na kitabu chako.