Je, Kuna Kabila Lenye Utamaduni wa Mauaji? Funzo la Malka za Tana

Mada kwa semina ya kamati za amani, Garsen



1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze iwapo mataifa na jamii huwa na utamaduni wao wa kuua wakati wa vita. Maoni haya ni yangu, si msimamo wa ofisi yoyote. Maana ya utamaduni, mgogoro na vurugu sote tunaijua, kwa hiyo sitakaa hapo.

2. Mifano ya nje

Wajerumani walipozima Maji Maji, 1905 hadi 1907, walichoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mwaka 1904 walikuwa wameanza kuwaangamiza Waherero wa Namibia. Mwanahistoria Isabel Hull, katika kitabu chake cha 2005, anaeleza kuwa chanzo ni mazoea ya jeshi lenyewe: liliamini ushindi kamili tu, na hapakuwa na chombo cha kulizuia. Waingereza nao walijivunia utawala wa sheria, lakini katika kambi ya mahabusu ya Hola, Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa hadi wakafa. Mazoea ya ukatili yapo, ila hujengwa na amri, mafunzo na kutoadhibiwa. Hakuna anayezaliwa nayo.

3. Hali ya Tana

Mwaka 2001 mpango wa kupima ardhi ulifuatwa na mapigano kati ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma yaliyoua zaidi ya watu 100. Tarehe 22 Agosti 2012 waliuawa watu wasiopungua 48 Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, walikokufa watu 38 wakiwemo polisi 9. Desemba ikafuata Kipao. Kwa makusudi sitaji nani alimshambulia nani, kwa sababu pande zote mbili zilishambulia na zote mbili zikazika.

Tazameni namna mashambulizi yenyewe yalivyofanana: nyumba kutiwa moto, asiyeweza kukimbia kukatwa panga. Kama huo ungekuwa utamaduni wa Wapokomo au wa Waorma, jamii ya pili isingeujua kwa wiki mbili tu. Huu ni ukatili ulioigwa, na ulienea kwa sababu waliotenda 2001 hawakuonekana kuadhibiwa.

4. Malka: tatizo tusilotaka kulimaliza

Hapa naomba subira yenu, kwani ndilo jambo nililolipigania miaka mingi.

Malka ni njia ya mifugo kufika mtoni. Kiangazi kikikaza, visima vya bara hukauka na ng'ombe lazima washuke Tana. Ukingoni ndiko kwenye udongo wa mafuriko, na ndiko Mpokomo anakolima mahindi, mpunga, ndizi na maembe. Mmoja anahitaji ukingo ili anywe, mwingine ili ale. Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo, na Matadheda, baraza la wazee wa Waorma, zilipokuwa na nguvu, wazee walikubaliana ng'ombe wapite wapi, na shamba likiharibiwa walikaa wakatathmini fidia.

Ugomvi huanza kidogo kidogo. Msimu mmoja mkulima hupanda mistari miwili ya migomba mdomoni mwa malka. Msimu unaofuata huweka ua wa miiba. Mchungaji aliyekaa siku kadhaa bila maji hupitisha ng'ombe juu ya ua. Mkulima hukata mkia au mguu wa ng'ombe. Kesi hufikishwa kwa chifu, chifu husema ardhi si mamlaka yake, na ofisi ya ardhi husema malka haimo kwenye ramani. Mzigo huongezeka wanaposhuka wachungaji kutoka Garissa na Ijara, wasiowajua wazee wetu wala masharti yao. Miradi mikubwa ya umwagiliaji nayo imemega malisho ya kiangazi ya delta. Mwaka wa uchaguzi mwanasiasa hukuta kuni zimekwisha kukauka.

Nimeshauri mara nyingi malka ziwekewe alama. Jibu huwa kwamba suala hilo ni nyeti. Naheshimu tahadhari hiyo, lakini kaburi la mtoto ni nyeti zaidi.

5. Mapendekezo

(a) Malka zote zipimwe na kuwekewa mawe ya mipaka, Gasa na Matadheda zikishuhudia.
(b) Malka zisajiliwe chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016.
(c) Mradi wowote usianze kabla njia ya maji ya mifugo haijahakikishwa.
(d) Wazee wa Garissa na Tana River wakutane kabla ya kiangazi, si baada ya vifo.
(e) Fidia ya mazao na ya ng'ombe aliyejeruhiwa iamuliwe ndani ya siku saba.
(f) Mapendekezo ya Tume ya Jaji Grace Nzioka, iliyochunguza mapigano ya 2012, yasomwe barazani kwa Kiswahili.
(g) Wauaji na wachochezi washtakiwe kwa majina yao, si kwa kabila zao.
(h) Walimu, maimamu na wachungaji wa makanisa waache kabisa kusema "wale ndivyo walivyo".
(i) Narudia: malka zipimwe.

6. Hitimisho

Hakuna kabila la wauaji katika kaunti hii. Kuna malka zilizozibwa na kesi zisizoamuliwa. Nazisihi kamati zisitoke Garsen kabla ya kuteua watu wa kuanza kuzipima, na kupanga tarehe ya kuanza.