Paka Aliyeacha Kupanda Magunia

Nasema nanyi wasikilizaji, na hususa ninyi wa Kariakoo ambao saa hizi mnafungua milango ya maduka na kunyunyiza maji vizingitini kabla msongamano wa mikokoteni haujaanza. Maneno yangu ya leo yanamhusu kiumbe ambaye kila mmoja wenu anamjua kwa sura na kwa sauti, ambaye amelinda mali zetu pasi na kudai mshahara, na ambaye akifikwa na uzee hatuna desturi ya kumwuliza hali; nakusudia paka wa dukani.

Katika duka la nafaka la marehemu ami yangu, jirani na Mtaa wa Mkunguni, aliletwa paka jike angali mdogo wa kuenea kiganjani, nasi tukamwita Kibibi kwa ile taadhima aliyokuwa nayo katika kukaa kwake. Makao yake yalikuwa juu kabisa ya shehena ya mchele, safu ya saba, chini kidogo ya dari, na kutoka huko alishuka kama jiwe kila panya alipothubutu kutia pua ghalani. Usiku ule wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu lilipoungua nasi tukakesha barabarani tukimwomba Mungu moto usivuke mitaa, Kibibi alikuwa ametimiza miaka 10, naye alikesha huko huko juu. Miaka iliyofuata nilimwona akilala safu ya tano, kisha ya tatu, hatimaye sakafuni pembeni mwa mizani, na sisi kwa kughafilika kwetu tukaambiana kuwa bibi amezeeka, sasa ametulia. Lau tungelikuwa na macho ya kuona, tungelijua kwamba kila safu aliyoihama ilikuwa ni kauli.

Maana paka hana tabia ya kuugua hadharani. Mbwa akiumia mguu huchechemea na kulia. Paka huficha, kwa kuwa maumbile yake ni ya mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na mwenye kuonyesha unyonge porini huliwa. Mwaka 2002, madaktari wa wanyama wa Marekani walichapisha matokeo ya kuzipitia picha za eksirei za paka 100 waliopindukia umri wa miaka 12, wakakuta 90 katika hao wana uchakavu wa viungo. Tisini katika mia, wasikilizaji! Basi yule paka wako ambaye zamani alipanda kaunta kwa mruko mmoja na siku hizi hupitia kwanza juu ya kiti, ambaye husita mbele ya ngazi, ambaye manyoya ya kiunoni yamegandamana kwa kuwa shingo haifiki tena kuyaramba, au ambaye amekojoa kando ya mchanga wake badala ya ndani yake nawe ukamchapa kwa kudhani ni ujeuri, huyo aghalabu si mvivu wala si mjeuri. Anaumwa.

Mimi nililitambua hilo kwa kuchelewa, na kwa njia ya ukucha. Jioni moja nilimpakata Kibibi, nikahisi kitu kigumu chini ya mguu wake wa mbele, na nilipomulika kwa tochi nikaona ukucha mmoja mnene, wa manjano, uliojikunja mfano wa ndoana, ncha yake imezama ndani ya nyama laini ya wayo. Paka mwenye siha hukwaruza mbao, na kwa kukwaruza huambua maganda ya kucha. Mwenye viungo vya kuuma huacha, na kucha zikamgeukia mwenyewe. Daktari wa mifugo tuliyemwita alimviringisha katika kanga kuukuu, akauacha mguu mmoja nje, akaukata ukucha kwa koleo ndogo, kisha akalisafisha jeraha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Muda wote huo Kibibi hakutoa mlio hata mmoja. Na alipowekwa chini alikanyaga, akainua mguu, akakanyaga tena, kama anayeijaribu sakafu ya nyumba ngeni.

Kabla daktari hajafika, jirani yetu mmoja, mtu wa huruma na mwenye nia safi, alikwisha leta nusu kidonge cha panadol kilichosagwa ndani ya mchuzi wa dagaa. Nalisema hili polepole ili mwenye kalamu aandike: parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Damu hugeuka rangi ya kahawia ikashindwa kuchukua hewa, uso na miguu huvimba, na kidonge kimoja chatosha kumwua. Diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua kwa ajili ya migongo yetu nazo huweza kumharibu figo na tumbo. Dawa za maumivu zimfaazo zipo, lakini hupimwa kwa uzito wake na hutolewa na daktari baada ya kuangalia figo, kwani mara nyingi figo za paka mzee zimekwisha choka. Wala si kila udhaifu wa miguu ni wa uzee: paka akipooza ghafla miguu ya nyuma, miguu ikawa baridi, naye akalia kwa sauti ambayo hujapata kuisikia, huenda damu imeganda na kuziba mshipa mkubwa, na hapo hakuna kungoja kesho. Na ninyi wenye mabucha, ambao ukarimu wenu naujua, zingatieni kwamba paka alishwaye maini matupu siku zote huweza kukakamaa shingo na uti wa mgongo kwa wingi wa vitamini A.

Lakini dawa ni sehemu ndogo. Kubwa ni nyumba. Kariakoo ya wazee wetu ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma ua wenye udongo, ambamo paka alijiendea haja zake na kuota jua bila kumwomba mtu. Leo tumejenga kwenda juu. Ua umekuwa stoo, udongo umefunikwa kwa saruji, sakafu ni marumaru zinazong'aa, na paka mkongwe anayeishi ghorofa ya nne atapata wapi mchanga, na atasimamaje juu ya marumaru ilhali miguu yake ya nyuma inatawanyika kama ya ndama aliyezaliwa leo? Sisi tulitandika jamvi kuanzia anapolala hadi lilipo bakuli lake. Beseni la mchanga tukalikata ubavu mmoja, likabaki kimo cha vidole vitatu, ili aingie bila kuinua mguu. Maji na chakula tukaviweka juu ya tofali lililolazwa, asiinamishe shingo mno. Na kipupwe kilipoingia, saruji ikapoa usiku, tukamkunjia gunia la katani mara nne mahali pasipopita upepo. Dada yangu ndiye humchana kiunoni, taratibu, na akiona ngozi inatetemeka huacha.

Wako wenye maduka ambao, paka akishindwa kukamata panya, humtia katika mfuko wa salfeti wakampa kuli akamtupe bondeni Jangwani, kisha wakasema wamemwacha huru. Hao nawaambia kwa uchungu, wala sitafuti neno la kulainisha: huo ni ukatili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Nasi tuliokaa madrasani twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kwa kuwa alimfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie riziki yake ardhini; na twajua kwamba sahaba Abu Huraira aliitwa hivyo kwa sababu ya kipaka chake. Sasa na tupime kwa insafu: paka ambaye magoti yake hayamchukui hatua kumi, ukimtupa katika bonde pana lisilo na ukuta hata mmoja, umemfungia, tena kwa kufuli ambayo hakuna apitaye njia awezaye kuifungua.

Mwezi uliopita tulimwomba kuli mmoja, fundi wa kupanga shehena, atutengenezee ngazi ya magunia yaliyojazwa pumba nusu nusu, kila moja likizidi lililotangulia kwa kimo cha shubiri. Siku tatu Kibibi aliinusa tu. Siku ya nne alipanda gunia la kwanza, akalala. Jana, adhana ya alfajiri ilipokuwa ikimalizika, niliingia dukani na taa nikamkuta safu ya tatu, mikono ameikunja kifuani, masikio yameelekea ukutani anakosikia panya. Hakushuka kumfuata. Nimeagiza pumba za magunia mawili zaidi.