Sehemu ya Ukuta Isiyopakwa Chokaa

(Hotuba iliyotolewa Jumapili ya Yubilei, miaka 50 ya kwaya yetu)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya uimbaji katika Hekalu la Yerusalemu. Nilikubali, lakini nikaomba ruhusa nianzie pale Hekalu lilipokwisha. Mambo ninayoyapenda zaidi yalitokea baada ya hapo, na hayakutokea mahali pa ibada. Yalitokea majumbani mwa watu: ukutani, mezani, jikoni, harusini.

Hekalu liliharibiwa mara mbili. La Sulemani liliteketezwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. La pili lilichomwa na majeshi ya Kirumi chini ya Tito mwaka 70 baada ya Kristo. Sisi Wakristo tumezoea kupita hapo haraka. Tunakumbuka kwamba Bwana Yesu alitabiri kuanguka kwake, tunasema limetimia, tunafungua ukurasa unaofuata. Tena kwa karne nyingi wahubiri waliyatumia magofu yale kuwadharau Wayahudi, jambo ambalo ni aibu yetu. Ni mara chache tunauliza watu wale walikula nini jioni ile, na waliwezaje kuimba tena.

Talmudi, kile kitabu kikubwa cha mafundisho ya marabi, ina habari yao. Inasema kwamba baada ya Hekalu kuharibiwa walitokea watu wengi walioapa kutokula nyama wala kunywa divai. Rabi Yehoshua ben Hananiah akawaendea akawauliza sababu. Wakamjibu: tutakulaje nyama, na nyama ilikuwa ikitolewa madhabahuni? Tutakunywaje divai, na divai ilikuwa ikimiminwa madhabahuni? Rabi akawaambia kwamba ikiwa ni hivyo, basi na mkate tuuache, maana sadaka za unga zimekoma. Wakasema wataishi kwa matunda. Akawaambia matunda nayo hayafai, maana malimbuko yamekoma. Wakasema watakula matunda yale ambayo hayakuwa ya malimbuko. Akawakumbusha kwamba hata maji yalikuwa yakimiminwa madhabahuni, kwa hiyo waache kunywa maji. Hapo wakanyamaza.

Kisha akawaeleza kwa upole kwamba kutoomboleza kabisa haiwezekani, maana pigo limekwisha kuwapata. Lakini kuomboleza kupita kiasi nako haiwezekani, kwa sababu haifai kuwatwika watu amri ambayo wengi wao hawawezi kuibeba. Akawaambia wenye hekima walivyoamua. Mtu na apake nyumba yake chokaa, ila aache sehemu ndogo bila kupakwa. Mtu na aandae karamu yake yote, ila apunguze kitu kidogo. Mwanamke na ajipambe kwa mapambo yake, ila aache moja.

Hapa naomba wanakwaya wanisikilize vizuri. Huyu Rabi Yehoshua alikuwa Mlawi. Talmudi inasimulia kwamba siku moja alikwenda kumsaidia Mlawi mwenzake kufunga milango ya Hekalu, akaambiwa arudi nyuma, kwa kuwa yeye alikuwa wa waimbaji, si wa mabawabu. Kwa hiyo aliyewashauri watu wale wenye uchungu wale nyama na wanywe divai alikuwa mwanakwaya aliyepoteza kwaya yake. Hakuwa mtu wa nje anayewaambia wafiwa wajikaze.

Ile sehemu ya ukuta marabi waliipimia dhiraa moja kwa dhiraa moja, karibu nusu mita kila upande, na wakasema iwe mkabala na mlango, ili anayeingia aione. Rabi Yosef Karo aliiandika tena amri hii katika Shulchan Aruch, kitabu chake cha sheria kilichopigwa chapa Venice mwaka 1565. Napenda jinsi sheria yenyewe inavyomhurumia mtu: ukinunua nyumba ambayo imekwisha kupakwa chokaa, hulazimiki kuikwangua. Wayahudi wengi leo hawaifuati desturi hii, lakini wapo wanaoifuata, na ukiingia sebuleni kwao utaona ukuta umepakwa rangi vizuri, na mkabala na mlango pana pengo la mraba lenye saruji tupu. Mgeni anaweza kudhani fundi alikimbia na pesa.

Mezani kuna mambo mengi kuliko ukutani. Marabi walifundisha kwamba Hekalu liliposimama, madhabahu ndiyo iliyomfanyia mtu upatanisho, na sasa ni meza yake, kwa maana anawalisha maskini juu yake. Ndiyo sababu mkate huchovywa katika chumvi, kama sadaka zote zilivyotiwa chumvi katika Mambo ya Walawi. Ndiyo sababu pia katika nyumba nyingi visu huondolewa au hufunikwa kabla ya sala ya kushukuru baada ya chakula, maana Torati ilikataza chuma kuinuliwa juu ya mawe ya madhabahu. Mama anayekanda unga mwingi wa mkate humega donge dogo na kulichoma. Zamani donge hilo lilikuwa fungu la kuhani. Sasa hakuna kuhani wa kulipokea katika hali ya utakaso iliyotakiwa, lakini hata hivyo halirudishwi katika unga. Na usiku wa Pasaka huwekwa mfupa na yai katika sinia, ukumbusho wa sadaka mbili zilizokuwa zikiletwa Yerusalemu. Mwanakondoo mwenyewe hayupo.

Kuna siku ya tisa ya mwezi wa Avu, ambayo Wayahudi hukumbuka maangamizi yote mawili. Hufunga tangu jua kutua mpaka usiku wa siku ya pili, bila chakula wala maji. Huvua viatu vya ngozi, huketi sakafuni au juu ya vigoda kama wafiwa, hawaamkiani, na Maombolezo ya Yeremia husomwa kwa mwanga hafifu. Kabla ya kufunga, wengi hula yai na kipande cha mkate kilichochovywa katika majivu. Mwaka mzima hula mkate kwa chumvi, na jioni hiyo moja kwa majivu.

Harusi ndiyo mnayoijua, kwa sababu mmeiona kwenye filamu: bwana arusi anakanyaga glasi inapasuka, watu wanapiga shangwe. Wengi hudhani ni ishara ya sherehe kuanza. La hasha. Glasi inavunjwa ili hata katika furaha kubwa kuliko zote Yerusalemu isisahaulike, na wapo marabi waliolalamika kwamba watu wanashangilia mahali ambapo wangetakiwa kunyamaza kidogo. Wengine humpaka bwana arusi majivu kwenye paji la uso, kama Talmudi inavyosema. Na katika baadhi ya jamii za zamani za Yerusalemu, harusi inayofanyika mjini humo haipigiwi ala yoyote isipokuwa ngoma. Kuna sauti za watu na ngoma, basi. Nadhani akina mama wetu wa Chama cha Akina Mama wangeiweza harusi hiyo bila mazoezi.

Sasa uimbaji wenyewe, ambao ndio nilioitiwa. Mishna inasema Walawi waliosimama jukwaani hawakupungua kumi na wawili, na idadi ingeweza kuongezwa bila kikomo. Kila siku ya juma ilikuwa na zaburi yake: Jumapili ya 24, Jumatatu ya 48, Jumanne ya 82, Jumatano ya 94, Alhamisi ya 81, Ijumaa ya 93, na Sabato ya 92. Talmudi inasimulia kwamba siku Hekalu lilipotekwa Walawi walikuwa wamesimama jukwaani wakiimba Zaburi ya 94, na kabla hawajamaliza mstari wa mwisho adui akaingia. Haikuwa Jumatano. Marabi wenyewe waliliona hilo, wakaeleza kwamba ombolezo lile liliwajia tu vinywani. Jukwaa lilikwisha, lakini orodha ile ya zaburi haikupotea. Mpaka leo Myahudi anayesali asubuhi husoma zaburi ya siku, kwa mpangilio uleule, akiwa sinagogi au nyumbani kwake, akielekea Yerusalemu. Anayesali Nairobi huelekea kaskazini.

Kuna mwimbaji mwingine ambaye Mishna inamtaja kwa jina, na si kwa sifa. Aliitwa Hugras, wa kabila la Lawi. Alijua namna ya pekee ya kuimba, akakataa kuwafundisha wengine. Hekalu lilipoanguka, ufundi wake ulikwenda naye. Miaka karibu elfu mbili imepita na jina lake bado linasomwa kwa lawama.

Nasema hili kwa sababu ninajua kilichojadiliwa katika kamati. Wapo walioona majina ya wanakwaya waliotangulia yasisomwe leo, yasije yakatia simanzi siku ya furaha. Wapo waliotaka yasomwe yote, na wimbo wa mazishi uimbwe. Mmeamua yasomwe mara moja, kabla ya kukata keki, kisha muziki uendelee. Rabi Yehoshua angewapa mkono. Lakini baadhi ya waliomo katika orodha hiyo waliondoka na nyimbo ambazo hazikuandikwa popote, si kwa maneno wala kwa solfa, na wazee watatu walioketi safu hii ya mbele bado wanazo nyingine. Ningefurahi zaidi kuona mtu ameketi nao na daftari kabla ya Krismasi kuliko kuona sare mpya.

Na watoto. Mishna inaeleza kwamba hakuna mtoto aliyeingia uani mwa Hekalu kwa ajili ya huduma, ila wakati wa Walawi kuimba. Watoto hawakusimama jukwaani. Walisimama chini, vichwa vyao kati ya miguu ya Walawi, wakaimba kwa mdomo bila kinanda, ili kuutia wimbo ladha, kama kiungo katika mchuzi. Walipewa jina la watesi wa Walawi, kwa sababu watu wazima hawakuweza kuzifikia sauti zao.

Leo ni Jumapili, siku ya Zaburi ya 24. Naona katika programu kwamba wanaofuata ni watoto wa Sunday School, na kwamba wataiimba hiyohiyo. Sauti ya kwanza, jiandaeni kuteswa.