Mapafu Nje ya Mwili
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi na maisha ya watu. Mimi si daktari. Kazi yangu ni ya ofisini, kupanga matumizi ya fedha za umma. Kwa sababu hiyo nimechagua kuzungumzia mashine moja ghali sana, ile inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili wa mgonjwa.

Virusi vya mafua makali au vya UVIKO-19 vikishambulia mapafu, vifuko vidogo vya hewa hujaa majimaji. Mgonjwa hupewa oksijeni, na akizidiwa huwekewa mashine ya kupumulia. Wako wachache ambao hata hiyo haiwatoshi. Hapo madaktari huingiza mrija mnene katika mshipa mkubwa wa paja. Pampu huvuta damu na kuipitisha penye nyuzi nyembamba zilizo wazi ndani mithili ya mirija. Oksijeni hupita ndani ya nyuzi, damu hupita nje yake. Damu huchukua oksijeni, huacha hewa ya kaboni, kisha hurudishwa mwilini.

Vijana, shikeni neno hili: mashine hiyo haiui virusi wala haiponyi mapafu. Huyapumzisha tu, mwili upate nafasi ya kujitibu. Tena ina hatari. Mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo aweza kuvuja damu, hata katika ubongo. Mwaka 2020 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 1,035 wa UVIKO-19 waliowekewa mashine hii katika nchi 36. Ilikadiriwa kwamba karibu wanne katika kila kumi walifariki. Lakini hao walikuwa wagonjwa mahututi, na zaidi ya nusu walinusurika.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Mwaka 2009 Waingereza walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 180 walioshindwa kupumua. Nusu yao walipangiwa kupelekwa Leicester, kwenye mashine. Nusu walitibiwa kwa njia ya kawaida. Baada ya miezi sita, asilimia 63 ya kundi la kwanza walikuwa hai bila ulemavu mkubwa. Kundi la pili asilimia 47. Lakini katika wale 90 wa kwanza, ni 68 tu waliowekewa mashine. Wengi wa waliobaki walipata nafuu kwa uangalizi mzuri wa kawaida.

Kumbe mashine haisimami peke yake. Nyuma yake wapo wauguzi wanaokesha, oksijeni isiyokatika, umeme wa uhakika na damu salama. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 walifariki katika siku 30. Wengi walihitaji vitu vya msingi kabla ya mashine hii.

Haba na haba hujaza kibaba. Nikiulizwa tuanze wapi, nitajibu: oksijeni na muuguzi kwanza, mashine baadaye. Lakini siku ya mashine itafika, na haitaendeshwa na mgeni milele. Ninyi mnaosoma fizikia, kemia na baiolojia katika madarasa haya, jiandaeni.