Mizani, Duka na Reli: Habari za Wachimbaji wa Bienfait



Kusini mwa jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada, katika mbuga za nyasi zisizo na mlima wala msitu, upo mji mdogo uitwao Bienfait. Jina hilo ni la Kifaransa, maana yake tendo jema. Mji jirani wa Estevan ulianzishwa mwaka 1892 reli ilipofika, na kwa reli hiyo makaa ya mawe ya eneo lile yakapata soko.

Makaa yenyewe ni laini, ya rangi ya kahawia, yenye maji mengi. Yakikauka hewani hupasuka na kumomonyoka, hata huweza kushika moto yenyewe. Hayawekeki muda mrefu. Ilibidi yachimbwe majira ya baridi na kupakiwa upesi katika mabehewa. Majira ya joto wachimbaji wengi walikaa bila kazi, huku deni lao katika duka la mwajiri likizidi.

Mchimbaji wa chini ya ardhi alilipwa kwa tani. Hivyo chakula cha watoto wake kilitoka katika mizani, na mizani ilikuwa ya mwajiri. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1860 ilikwisha kuwapa wachimbaji haki ya kumweka mtu wao penye mizani. Bienfait, mwaka 1931, watu walikuwa bado wakilalamika kupunjwa uzito. Aliyepata kupeleka mazao yake ghalani hahitaji kuelezwa uchungu huo.

Mwaka 1930 ulianza uchimbaji wa juu ya ardhi kwa mashine kubwa za umeme, zenye kuhitaji watu wachache. Bei ikashuka, na ujira pia. Septemba 1931 wachimbaji walijiunga na chama cha wafanyakazi, wakagoma. Tarehe 29 walikwenda Estevan kwa msafara wa magari, wake na watoto wakiwamo, ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imeukataza. Polisi wakafyatua risasi. Wachimbaji watatu walikufa.

Tume ya jaji iliundwa. Oktoba watu walirudi kazini kwa ahadi ya saa 8 kwa siku na ya kutolazimishwa kununua katika duka la kampuni. Chama chao hakikutambuliwa. Na ahadi isiyo na chama cha kuisimamia ni karatasi tu.

Wale watatu wamezikwa Bienfait, chini ya jiwe moja.