Ulizeni Habari za Damu Kabla ya Posa

Ndugu msikilizaji, kijana akifikia umri wa kuoa, ukoo wake haulali. Mshenga hutafutwa, wazee hukaa kikao, na watu hutumwa kimyakimya upande wa pili kuulizia. Binti huyu ni wa ukoo gani? Kwao kuna wezi? Kuna walevi? Kuna kifafa? Upande wa binti nao haukai bure. Nao huuliza kama kijana ana kazi, kama hana mkono mwepesi, kama mama yake si mkorofi. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua kwamba anayeoa haoi mtu mmoja, bali anaoa ukoo mzima, na kwamba mengi yaliyomo ndani ya ukoo huja kujitokeza kwa watoto.

Lakini katika maswali yote hayo kuna moja ambalo mara nyingi halipati mwulizaji. Nalo ni hili: katika nyumba hii walizaliwa watoto wangapi, wakafa wangapi wakiwa wadogo, na walikufa kwa maradhi gani? Swali hilo ndilo nataka tulizungumze leo, na nitalizungumza kwa kutumia ugonjwa mmoja ambao wengi wetu tunauita siko seli, na ambao wataalamu wa Kiswahili wameupa jina la selimundu.

Jina hilo limechaguliwa vizuri. Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima wa afya ni ya mviringo na laini, hupita katika mishipa midogo bila taabu. Chembe ya mgonjwa wa selimundu, ikiishiwa oksijeni, hujikunja ikawa ngumu, yenye umbo la mundu wa kuvunia mpunga. Mundu hizo hunasana na kuziba njia ya damu. Hapo ndipo mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, macho yakawa manjano, damu ikapungua, na wengine wakapata hata kiharusi wakiwa bado shule ya msingi.

Sasa tazama jambo moja ambalo limevunja ndoa nyingi. Mtoto wa selimundu huzaliwa akiwa mzima. Katika miezi ya mwanzo damu yake bado ina ile protini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, na hiyo humkinga. Anapofikia karibu miezi sita, protini ile inapungua, na ndipo vidole vya mikono na miguu huvimba na homa zisizokwisha huanza. Jamaa wakiona hivyo hufanya hesabu yao wenyewe: alizaliwa mzima, alinenepa, watu walikuja kumwona, kisha akaanza kuumwa. Nani alikuja kumwona? Na hapo mchawi ameshapatikana. Akikosekana jirani wa kubebeshwa lawama, hubebeshwa mama. Ataambiwa ana mkosi, ana tumbo la kuzalia kaburi. Mume atashauriwa aoe mwingine.

Ukweli ni kwamba hakuna mtoto anayepata selimundu kwa mama peke yake. Nitatoa mfano wa punje za maharage. Tuseme kila mtu ana punje mbili mfukoni, moja aliyopewa na baba yake na nyingine aliyopewa na mama yake. Mwenye punje mbili nyeupe hana neno. Hospitali humwandika AA. Mwenye nyeupe moja na nyekundu moja huandikwa AS. Huyu naye kwa kawaida ni mzima kabisa, analima, anacheza mpira, anazeeka, na huenda asijue maisha yake yote kwamba anayo nyekundu. Mwenye nyekundu mbili huandikwa SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Wakioana wawili walio AS, kila mmoja hutumbukiza mkono mfukoni bila kutazama na kumpa mtoto punje moja. Mara moja katika nne zitakutana nyekundu mbili. Mara mbili katika nne mtoto atakuwa kama wazazi wake. Mara moja atapata nyeupe tupu. Na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Wapo wanaodhani kwamba wakishazaa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Mifuko haikumbuki punje iliyotoka jana. Nyumba moja yaweza kupata watoto wanne wazima, na ya jirani ikapata wagonjwa watatu mfululizo, wala hakuna aliyemroga mwenzake.

Kwa hiyo baba anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anaifukuza nusu tu ya habari. Nusu ya pili amebaki nayo yeye mwenyewe, na anaweza kwenda nayo kwa mke wa pili.

Ndugu msikilizaji, ukichunguza utaona kwamba koo nyingi zina kumbukumbu za ugonjwa huu, ila zimeandikwa kwa maandishi mengine. Tumeishi na majina kama Mashaka, Tabu, Shida na Masumbuko. Si kila mwenye jina hilo ametoka katika nyumba ya msiba, lakini wengine walipewa kwa sababu waliowatangulia hawakuishi. Bibi akikwambia kwamba alizaa tisa na Mungu akamwachia wanne, hiyo ni habari ya hospitali. Akisema mjomba wako fulani alikuwa na macho ya njano, akiugua miguu kila msimu wa baridi, na akafa kabla ya jando, hiyo nayo ni habari ya hospitali. Daktari angelipa fedha kuipata. Sisi tunayo bure, na tunaiacha izikwe pamoja na bibi.

Chembe hii ilitoka wapi? Yafaa tujue, maana wengi wanaiona kama laana. Kitabibu ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1910 na daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aliyeona chembe za umbo la mundu katika damu ya mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada. Lakini jibu la swali la asili yake lilipatikana huku kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Aliona jambo la ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye chembe hiyo walikuwa wengi, na kwenye nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Tofauti hiyo ilifuata mbu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba mtoto mwenye punje nyekundu moja ana kinga dhidi ya malaria kali.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba katika nchi za mbu, kabla ya kwinini na kabla ya chandarua, watoto wenye punje moja ya nyekundu walipona utotoni kuliko wenzao. Baadhi yetu tuko hai leo kwa sababu babu wa babu alikuwa nayo. Ilikuwa ngao ya ukoo. Gharama yake ililipwa na yule mtoto mmoja aliyekutanisha nyekundu mbili. Hiyo si laana, wala si aibu ya kabila lolote. Selimundu iko Uganda, iko Nigeria, iko Oman na Saudi Arabia, iko India.

Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kwa idadi hiyo imo katika nchi za mbele duniani. Barani Afrika, watoto ambao hawakugunduliwa wala kutibiwa, inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu yao hawafikii umri wa miaka mitano. Wengi huandikwa kuwa wamekufa kwa malaria, kwa homa ya mapafu au kwa kupungukiwa damu, na wazazi hurudi nyumbani bila kujua jina la kilichomuua mtoto wao. Kisha huzaa mwingine.

Hapo ndipo kimya kinapoua. Mtoto akijulikana mapema, yapo mambo ya kufanya. Vidonge vya penisilini vya kila siku hadi atimize miaka mitano humkinga na vijidudu vinavyowaua wengi wao. Chanjo zake zisipite. Alale ndani ya chandarua, apewe dawa ya kuzuia malaria kama daktari atakavyoelekeza, anywe maji kwa wingi, avae nguo za kutosha wakati wa baridi. Homa kwake si jambo la kungoja kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ipo pia dawa ya haidroksiurea. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto zaidi ya 600, yakaonyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Lakini dawa zote hizo zinahitaji mtu wa kusema kwanza: mpimeni huyu, kwetu ugonjwa huu upo.

Nani atasema? Shangazi anajua, lakini aliambiwa anyamaze ili binti asikose mume. Baba mkubwa anajua, lakini anaogopa jina la ukoo lisichafuke. Mama anajua kwamba mdogo wake alikufa hivyo, lakini anaogopa wakwe. Kila mmoja ananyamaza kwa nia njema, na mtoto anazaliwa katikati ya kimya hicho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba katika maradhi ya ukoo, anayeficha ni mtu mzima na anayeumbuka ni mtoto mchanga.

Wako waliolitatua jambo hili bila kuvunja mila zao. Katika kisiwa cha Cyprus, ambako ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu uitwao thalasemia ulikuwa umeenea, Kanisa la Orthodox tangu mwaka 1983 lilidai wachumba walete cheti cha kuonyesha kwamba wamepima na kupewa ushauri. Kanisa halikukataza mtu kuoana na mpenzi wake. Lilitaka tu wajue. Saudi Arabia nayo ilianza mwaka 2004 kuwapima wachumba wote selimundu na thalasemia kabla ya nikaha, na uamuzi wa kuoana au kutooana ukabaki kwa wenyewe. Kwetu, viongozi wengi wa dini wamezoea kuwaomba wachumba wakapime virusi vya UKIMWI. Safari ni ile ile, na damu inayotolewa ni ile ile. Kwa nini tusiongeze kipimo kimoja?

Ila nitahadharishe. Kipimo hiki kisigeuzwe rungu la kuwafukuzia mabinti. Mwenye AS si mgonjwa, na akiolewa na mwenye AA hawatazaa mtoto wa SS. Wakikutana wawili wa AS wakapendana, hilo ni lao. Wengine wataachana, wengine wataoana wakijua, na mtoto wao atapimwa tangu siku za kwanza. Na ukienda kupima usiridhike na kuambiwa tu kwamba chembe hiyo ipo au haipo. Uliza: je, ni AS au SS? Baadhi ya vipimo vya haraka havitofautishi, na tofauti yenyewe ndiyo maisha.

Nimezungumzia selimundu, lakini somo ni la koo zote. Presha, kisukari, saratani ya matiti, nayo hupenda kupita katika nyumba zile zile. Mwenye baba aliyeanguka kwa kiharusi apime presha mapema kuliko wenzake. Mwenye mama na shangazi waliougua saratani ya matiti amweleze daktari bila kungoja kuulizwa. Kurithi si kuhukumiwa. Ni kupewa taarifa kabla ya wakati.

Na ukoo haurithishi ugonjwa tu. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwatibu watoto wa selimundu kwa kupandikiza uloto, yaani ile mali laini iliyo ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Mtoaji anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na nafasi ya kila ndugu kulingana na mgonjwa ni moja katika nne. Tazama, ni robo ile ile. Ndugu huyo anaweza hata kuwa na AS, na bado uloto wake ukamponya mwenziwe. Matibabu hayo ni ghali, na si kila mgonjwa anafaa. Lakini yanatuonyesha kwamba damu iliyoleta maradhi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuleta dawa, ikiwa tu wenye damu hiyo wamekubali kukaa pamoja na kupimwa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, Jumapili hii ukienda kumsalimia bibi au babu, chukua daftari la mtoto la shule na kalamu. Andika majina ya waliozaliwa na waliokufa, umri wao, na walivyoumwa. Usiulize kwa haraka, maana yapo majina yatakayomtoa machozi. Mwache alie, kisha aendelee. Daftari hilo liweke mahali pamoja na hati ya kiwanja, na siku mshenga atakapokuja, litoeni mezani.